Volta, mtu wa mapile

Kwetu Burungu, katika milima ya Masisi, redio nyingi haziungwi kwenye nyaya. Zinakula mapile. Mtoto hutumwa dukani kuyanunua, na yakichoka huanikwa juani kwenye bati ili yatoe saa moja au mbili za ziada. Jirani zetu wanaosema Kinyarwanda huyaita amabuye, yaani mawe. Mtanzania angesema betri. Majina matatu kwa kitu kimoja: kwa mwanafunzi wa kitivo chetu, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuuliza yametoka wapi.

Betri ni neno la mizinga. Benjamin Franklin aliliazima jeshini ili kutaja chupa za umeme zilizounganishwa pamoja kama mizinga iliyopangwa safu. Mawe tumeyatoa vichwani mwetu wenyewe, na nadhani ni kwa ajili ya uzito wake mkononi. Pile ni la Kifaransa, na maana yake ya kawaida ni rundo: vitu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Lakini ukilipasua pile la redio hukuti rundo lolote. Rundo lenyewe lilipangwa mara ya kwanza mwishoni mwa 1799, katika mji wa Como, kaskazini mwa Italia, na mtu aitwaye Alessandro Volta. Ndiye ninayemsimulia hapa. Anahusu watu wa lugha kuliko tunavyodhani, kwa maana ushindi wake mkubwa ulianza pale alipokataa neno moja kubeba mambo mawili.

Alizaliwa Como tarehe 18 Februari 1745, katika familia ya kikabaila iliyokuwa na mapadre wengi na fedha chache. Wasimulizi wa maisha yake wanakubaliana kwamba alichelewa kusema. Alifika karibu miaka minne bila kutamka neno, na jamaa zake wakaanza kumhesabu kama bubu. Kufikia miaka saba alikuwa amewafikia wenzake, kisha akawapita. Baba yake alifariki Alessandro akiwa bado mdogo, na malezi yake yakashikwa na ami yake aliyekuwa kasisi. Wajesuiti waliomfundisha walitaka kumchukua awe mmoja wao. Ami akamtoa shuleni kwao mwaka 1761. Familia ilitaka awe mwanasheria. Yeye alikuwa ameshaanza kuandika utenzi wa Kilatini kuhusu mambo ya sayansi, na akiwa na miaka 18 alikuwa akiwaandikia barua wataalamu wakubwa wa umeme wa Ulaya, kama Nollet wa Paris. Chuo kikuu hakuwahi kusoma. Umeme alijifunza nyumbani kwa rafiki yake Gattoni, aliyekuwa na vyombo na vitabu.

Kitabu chake cha kwanza, cha 1769, kilikuwa cha Kilatini. Baadaye alichapisha kwa Kiitaliano, na barua iliyomfanya ajulikane duniani aliiandika kwa Kifaransa ili isomwe na Waingereza. Sisi tunaoamka kwa Kihunde au Kinyarwanda, tunaouza sokoni kwa Kiswahili na kufanya mtihani kwa Kifaransa, hatuwezi kumshangaa sana. Hakuona haya kuhamia lugha nyingine kila hoja ilipotaka msikilizaji mwingine.

Mwaka 1774 alipewa usimamizi wa shule za serikali mjini Como, na mwaka uliofuata akawa mwalimu wa fizikia hapohapo. Mwaka huo wa 1775 alitangaza chombo alichokiita elektrofori ya kudumu. Mswidi mmoja, Wilcke, alikuwa amekaribia wazo hilohilo miaka zaidi ya kumi kabla, lakini Volta ndiye aliyekifanya kuwa chombo cha kazi. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu jambo zima liko ndani ya chombo hiki.

Ni keki ya utomvu mgumu iliyosuguliwa ikapata chaji, na sahani ya chuma yenye mpini usiopitisha umeme. Unaweka sahani juu ya keki, unaigusa kwa kidole mara moja, kisha unaiinua. Sahani sasa ina chaji na hutoa cheche. Ukirudisha sahani na kuinua tena, unapata cheche nyingine, na nyingine, bila kuisugua keki upya. Wengi waliona kama muujiza. Hakuna muujiza. Chaji ya sahani na ya keki zinavutana, na mkono unaoinua unashindana na mvuto huo. Kazi ya mkono haipotei: inakaa kwenye sahani kama nishati, ikisubiri cheche. Ni kama kupandisha gunia la viazi kutoka bondeni hadi kwenye kilele. Gunia halikuongezeka hata kilo moja, lakini sasa linaweza kushuka kwa kishindo ambacho halikuwa nacho kule chini.

Volta aligundua kwamba sahani ile, ikiwa imelala karibu na keki, huonyesha dalili ndogo tu ya umeme. Ikiinuliwa, dalili inakua mara nyingi. Chaji ni ileile. Kilichobadilika ni nini? Hapo ndipo alipoanza kutenganisha maneno. Kuna kiasi cha umeme, akasema, na kuna tensione, yaani juhudi ya umeme uliomo katika kila sehemu ya chombo kutaka kutoka. Na kuna jambo la tatu, uwezo wa chombo kupokea: chombo chenye uwezo mkubwa hupokea chaji nyingi na msongo wake ukabaki mdogo. Mwaka 1778 aliandika juu ya uwezo huo, na mwaka 1782 Waingereza walichapisha maelezo yake ya chombo alichokiita condensatore, kinachokusanya umeme dhaifu mpaka uonekane. Mafundi wa redio wa Goma bado wanaita kifaa cha namna hiyo condensateur. Kiswahili cha vitabu husema kapasita.

Leo tunasema hivi: chaji ikipita kutoka mahali hadi mahali penye potenshali tofauti, nishati inayopata au kupoteza ni chaji hiyo mara tofauti ya potenshali. Elektroni moja, ambayo chaji yake ni ndogo kupita fikra, ikivuka volti 1 hupata nishati ambayo wanafizikia wameipa jina la elektronivolti 1. Ikipitia pile letu la volti 1.5, inapata moja na nusu. Katika televisheni za zamani zenye tumbo kubwa, elektroni zilivutwa kwa volti elfu nyingi kabla ya kugonga kioo na kukifanya king'ae. Njia iliyopita elektroni haijalishi, iwe imenyooka au imezunguka. Kinachohesabiwa ni tofauti kati ya mwanzo na mwisho, kama gunia ambalo halijali ulipanda kwa njia ya mkato au kwa barabara ya magari.

Ndiyo sababu sweta la nailoni likivuliwa usiku linaweza kutoa cheche yenye msongo wa volti elfu kadhaa bila kumdhuru mtu: chaji ni kiduchu. Betri ya gari ina volti 12 tu, lakini chaji yake ni nyingi kiasi cha kuwasha injini au kuyeyusha waya. Asiye na maneno mawili hawezi kueleza tofauti hiyo. Ataishia kusema umeme huu una nguvu na ule hauna, na swali la nguvu gani litabaki hewani.

Nirudi kwenye maisha yake. Mwezi Novemba 1776 alikwenda ukingoni mwa Ziwa Maggiore, akachokoa matope kwa fimbo, akakusanya mapovu yaliyopanda. Yaliwaka. Ilikuwa methani, na Volta anahesabiwa kuwa wa kwanza kuitenga. Msomaji wa Goma atatabasamu: Ziwa Kivu lina takribani kilomita za ujazo 60 za gesi hiyo chini ya maji, na upande wa Rwanda mitambo ya KivuWatt tayari inaigeuza kuwa umeme, megawati 26. Volta yeye aliiwasha kwa cheche ndani ya chupa, akatengeneza bastola ya gesi, na akawaza kuvuta waya kutoka Como hadi Milano ili cheche ya upande mmoja ilipue bastola ya upande mwingine. Simu ya waya, tungesema, miaka mingi kabla ya simu ya waya. Haikujengwa.

Mwaka 1778 alipewa kiti cha fizikia katika Chuo Kikuu cha Pavia. Alisafiri Uswisi, Paris na London, akanunua vyombo, akapendwa darasani. Alimpenda pia mwimbaji wa opera, Marianna Paris, lakini familia na wakubwa hawakukubali. Mwaka 1794 alimwoa Teresa Peregrini, naye akiwa karibu na miaka 50. Walipata wana watatu. Mmoja, Flaminio, alifariki kijana mwaka 1814, na baba yake hakuwa mtu yuleyule tena.

Kati ya hapo na pile kuna ugomvi wa chura. Mwaka 1791 Luigi Galvani, daktari wa Bologna, alitangaza kwamba mguu wa chura aliyekufa hurukaruka ukiguswa kwa metali mbili zilizounganishwa. Aliuita umeme wa wanyama: umo ndani ya mwili wenyewe, na metali zinaufungulia njia tu. Volta mwanzoni alimsifu. Kisha akaanza kushuku. Kwa nini metali mbili tofauti zifanye kazi vizuri kuliko moja? Akaweka metali mbili ulimini mwake, zikigusana, akasikia ladha kali. Hakukuwa na chura hapo, ila ulimi wake. Akasema mnyama ni kipimo tu. Umeme unatoka pale metali mbili tofauti zinapokutana.

Walibishana kwa miaka, kwa heshima ambayo naitamani katika mijadala ya siku hizi. Kila mmoja alikuwa na nusu ya kweli. Mishipa ya fahamu inafanya kazi kwa umeme kweli: ukuta wa chembe ya neva una tofauti ya potenshali ya karibu milivolti 70 kati ya ndani na nje. Galvani hakuota tu.

Vita vikaingia. Mwaka 1796 Wafaransa wa Bonaparte waliteka Lombardia, na Volta alikuwa miongoni mwa wajumbe ambao mji wa Como uliwatuma kumsalimu mshindi. Galvani, kule Bologna, alitakiwa kula kiapo kwa serikali mpya. Alikataa, akapoteza kiti chake, akafariki Desemba 1798. Mwaka 1799 Waaustria wakarudi, Chuo cha Pavia kikafungwa, na Volta akajikuta nyumbani Como bila kazi. Waandishi wengine humlaumu kwa kuinamia kila aliyekuja. Mimi naona ugumu kumlaumu. Mtu wa Masisi ameona mamlaka zikibadilishana kizuizi cha barabara, na anajua kwamba anayemsalimu mwenye bunduki mpya si lazima awe amempenda. Namheshimu Galvani zaidi, lakini Volta namwelewa.

Katika miezi hiyo ya kukosa kazi ndipo alipopanga rundo. Kisahani cha fedha au shaba, juu yake kisahani cha zinki au bati, juu yake kipande cha kitambaa au karatasi ngumu iliyoloweshwa maji ya chumvi. Kisha fedha tena, zinki tena, unyevu tena, mara ishirini, arobaini, sitini. Jozi moja hutoa msongo mdogo usiosikika kidoleni. Lakini misongo ya jozi hujumlishwa, kama ngazi ambayo kila kidato kinakuinua kidogo. Akishika chini kwa mkono mmoja na juu kwa mwingine, mikono ikiwa imelowa, alipata mtikisiko. Na tofauti na chupa za Leyden, mtikisiko haukuisha kwa mara moja. Uliendelea. Kwa mara ya kwanza duniani mtu alikuwa na umeme unaotiririka, si wa kulipuka na kutoweka.

Bati, mojawapo ya metali alizozitaja, ndilo linalochimbwa leo Walikale, kule Bisie, kwa jina la kasiterita. Na koltani ya Rubaya, katika eneo letu la Masisi, hutoa tantali, inayotengenezewa kapasita ndogo za simu: yaani condensatore ya Volta iliyopunguzwa mpaka ikawa kama punje ya mtama. Tantali yenyewe iligunduliwa mwaka 1802, Volta akiwa hai, na Mswidi Ekeberg aliyeipa jina la Tantalo, yule wa hadithi za Wagiriki aliyesimama ndani ya maji bila kuruhusiwa kunywa. Ekeberg alikuwa akizungumzia metali isiyonywa asidi. Wachimbaji wa Rubaya hakuwajua.

Tarehe 20 Machi 1800 Volta aliandika barua kwa Joseph Banks, rais wa Royal Society ya London. Njiani kulikuwa na vita, na barua ilifika kwa sehemu mbili. Ile ya kwanza ilitosha: Nicholson na Carlisle walijenga rundo lao, na kufikia mwanzoni mwa Mei walikuwa wakiyatenganisha maji kuwa gesi mbili kwa umeme wake, kabla barua yenyewe haijasomwa hadharani mwezi Juni. Ndani yake Volta aliuita uvumbuzi wake ogani ya umeme ya kutengenezwa, akiufananisha na kiungo cha samaki wa jamii ya taa anayetikisa wavuvi baharini. Mito yetu ina kambare mwenye tabia hiyohiyo, na naamini wavuvi wetu wangemwelewa upesi. Jina lake halikushika. Wafaransa walitazama visahani vilivyopangana, wakasema pile, na neno hilo fupi ndilo lililosafiri mpaka vibanda vya Burungu.

Jambo moja hakuliona mpaka kufa. Aliamini kwamba kugusana kwa metali peke yake kunatosha kusukuma umeme milele, na kitambaa chenye maji ya chumvi ni daraja tu. Aliona zinki ikiliwa, akadhani ni uchafu wa kazi. Kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nishati inayopandisha kila chembe yenye chaji inatoka kwenye zinki inayobadilika kuwa kitu kingine. Zinki ikiisha, msongo unakufa. Mtoto anayeanika mapile juani hafufui kitu. Joto linaiharakisha kemia iliyobaki, basi, na kesho pile litakuwa limekufa kabisa. Ilibidi Faraday na wengine waje kulisema hilo vizuri.

Napoleon alimwita Paris mwezi Novemba 1801, akatazama majaribio mwenyewe, akaamuru apewe nishani ya dhahabu. Baadaye akamfanya seneta, na mwaka 1810 kabaila mwenye cheo. Volta aliomba kustaafu, akakataliwa: mfalme alitaka jina lake libaki kwenye orodha ya chuo hata kama angefundisha mara moja kwa mwaka. Napoleon alipoanguka, Waaustria nao wakampa heshima Padova. Baada ya 1800 hakugundua tena jambo kubwa. Mwaka 1819 alirudi nyumbani moja kwa moja, na tarehe 5 Machi 1827 akafariki, akazikwa Camnago. Miaka 100 baada ya rundo, mwaka 1899, Como iliandaa maonyesho ya kumkumbuka, na vyombo vyake vikakusanywa ukumbini. Moto ukazuka, inasemekana kwenye nyaya za umeme, ukaviteketeza vingi.

Sasa suala la lugha. Shuleni kwetu tulifundishwa différence de potentiel. Tuliikariri, tukapata pointi, na tukirudi nyumbani hatukuweza kumwambia mtu yeyote maana yake, kwani Kiswahili tulichokuwa nacho kilisema nguvu tu. Nguvu ya umeme inaweza kuwa kani, nishati, kiwango cha kazi kwa sekunde, au volti. Ni mambo manne ndani ya gunia moja, na ni fujo ileile aliyoikuta Volta. Wenzetu wa Tanzania, katika habari za njia kuu za umeme, husema msongo wa kilovolti 220 au 400. Naona neno hilo ni bora kuliko tunavyolithamini. Msongo ni hali ya kitu kilichobanwa kinachotaka kutoka. Ni tensione ya Volta karibu bila kubadilika. Atakayesema litachanganywa na msongo wa mawazo ajue kwamba Wafaransa na Waitaliano wanaishi na mchanganyiko huohuo katika neno lao tangu zamani, na mafundi wao hawajawahi kupimia wasiwasi kwa voltimita.

Volti yenyewe ilithibitishwa kimataifa mwaka 1881, katika kongamano la wataalamu wa umeme lililofanyika Paris. Walichukua jina la mtu, wakaliondolea herufi kubwa na irabu ya mwisho: Volta akawa volt. Kiswahili, ambacho hakipendi neno liishie kwa konsonanti, kilimrudishia irabu, ila si ile aliyozaliwa nayo.